Orijino Chini ya Kifuniko cha Mkwe

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa kwenda kumtengeneza Mkwe, na kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa hata ndotoni, nilikwenda na mwanangu.

Kwanza niseme Mkwe ni nani. Mimi ni fundi wa mashine za fotokopi hapa Tabora. Kazi nimeisomea chuoni, stashahada ninayo. Mkwe ilikuwa mashine ya ofisi moja ya bohari, mbovu kuliko zote ambazo fundi wa mji huu aliwahi kuzifungua. Kubwa kama kabati la nguo. Ilichukua muda mrefu kupata moto hivi kwamba makarani waliiwasha, wakaenda kunywa chai, wakarudi, wakaikuta bado inafikiri. Karatasi iliitafuna na kuitema vipande. Na kila kopi iliyotoka humo ilikuwa na mstari mweusi upande wa kushoto, kutoka juu hadi chini. Ubadilishe dramu, ubadilishe brashi, mstari uko pale pale. Tukaiita Mkwe kwa sababu ulipaswa kuiendea umeinama, kwa heshima zote, na bado ukatoka na lawama.

Hayo ni ya kweli. Ndoto inaanzia hapa.

Nimebeba sanduku la zana. Nyamizi, mwanangu wa miaka saba, ameshika upindo wa koti langu la kazi. Mezani amekaa Bi Perusi, katibu muhtasi wa bohari, anasuka mkeka kwa vipande vya karatasi.

"Umechelewa, fundi," anasema bila kuinua macho. "Mkwe amenuna tangu asubuhi. Amemla mhasibu."

"Mzima?"

"Tai tu, mpaka hapa." Anajigusa kwenye koo. "Mhasibu mwenyewe, tuliikata tai akabaki upande wetu."

"Vizuri. Umeme mmezima?"

"Umeme ulikatwa zamani. Siku hizi anaendeshwa na hasira."

Nikatikisa kichwa. Mashine za zamani ziko hivyo, ukizizoesha kitu hazikubali kingine.

Mkwe alikuwa kwenye kona yake, amefunikwa kitambaa cha maua kilichotariziwa ukingoni, kama mashine zote za ofisi zilivyofunikwa zamani. Taa yake nyekundu iliwaka chini ya kitambaa. Nikapiga goti.

"Shikamoo, mama."

Nikainama zaidi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Taa ikageuka ya manjano. "Umekuja mikono mitupu?"

"Nimekuja na brashi na unga wa wino."

"Za nyumbani?"

"Nzuri."

"Baba watoto?"

"Yuko Mpanda kikazi. Mzima."

"Mvua?"

"Imenyesha kiasi."

"Mahindi?"

"Yanajitahidi."

Ndivyo mashine ya zamani inavyopata moto. Habari lazima ziishe. Fundi akiruka mbuzi mmoja, au shangazi mmoja, inapoa na kuanza upya. Nikajibu yote. Taa ikawa ya kijani.

"Kifua kinanibana," akasema Mkwe.

Nikafungua mlango wa mbele, nikaingiza mikono yote miwili. Nikatoa tai ya mhasibu. Nikatoa chapati iliyokunjwa mara nne. Nikatoa sikio la mtu aliyekuwa akisikiliza mlangoni. Kila mtu ofisini alijua ni la nani na hakuna aliyesema. Mwisho nikafikia karatasi yenyewe, imejikunja kama feni kati ya rola mbili.

"Samahani," ikasema ile karatasi. "Nilisukumwa."

"Wote mnasema hivyo," nikaijibu, nikaivuta.

Nyuma yangu Nyamizi akasema, "Mama, angalia."

"Ngoja, Nyamizi."

Nikapiga brashi. Nikajaza unga. Unga wa wino ni mweusi kuliko masizi, na mikono yangu ilikuwa nao hadi kwenye viwiko.

"Mama, angalia."

"Ngoja, nimesema."

Sasa, mafundi wa hapa tuna desturi yetu. Ukimaliza kuifunga mashine, hutumii karatasi yenye maandishi kuijaribu. Unaweka kiganja chako juu ya kioo. Kiganja hakidanganyi: kina weupe na weusi, kina mistari minene na mingine myembamba kama unywele. Ikitoka kopi ambayo mama yako mzazi angeitambua, kazi imekwisha. Halafu unafunua kifuniko, unapangusa kioo kwa kitambaa kikavu mpaka pembeni, unaondoka. Kupangusa kioo ndiko kuaga. Fundi asiyepangusa kioo ni sawa na mtu aliyetoka ukweni kupitia dirishani.

"Kiganja," akasema Mkwe.

"Mikono yangu ni myeusi, mama. Ngoja nifunge skrubu hii."

"Mimi singoji. Naona kuna kiganja kingine hapo."

Nyamizi alikuwa ameshapanda. Kioo cha Mkwe, nilichokijua kuwa na upana wa faili mbili, kikawa na upana wa kitanda, naye akalala juu yake kifudifudi, mkono wa kushoto ameukunjua kifuani.

"Mama, angalia."

"Ngoja kidogo, mwanangu, nimeshika skrubu."

Nikafunga kifuniko kwa kiwiko. Nikabonyeza kwa goti. Mwanga wa kijani ukatoka chini ya kifuniko, ukapita ukutani, ukapanda darini, ukashuka upande wa pili.

Kopi ikatoka kwenye trei, miguu kwanza. Ilikuwa Nyamizi, amesimama, wa moto moto kama karatasi yoyote iliyotoka sasa hivi. Nikamgeuza kwenye mwanga, kama ninavyogeuza kazi yangu yote. Weusi umekolea. Gauni limetoka mpaka vifungo. Kuna doa jeusi mdomoni, nikasema ni unga uliodondoka. Na mstari, bila shaka, upande wa kushoto: ulishuka kwenye shavu, ukapita juu ya kiganja kilichokunjuliwa, ukateremka hadi kwenye vidole vya mguu.

"Nzuri," akasema Bi Perusi. "Mkwe hajatoa hivi tangu enzi za meneja wa kwanza."

"Mstari upo."

"Mstari ni wake, fundi. Bila mstari nani ataamini kuwa imetoka hapa?"

Akagonga mhuri wa bohari kwenye kisogo cha mtoto. Nikafunga sanduku. Nikamshika mtoto mkono, tukaondoka.

Sikupangusa kioo.

Ukumbi wa bohari ulikuwa umegeuka jiko letu. Treni ya mizigo ilipita polepole kati ya meko na pipa la maji, na dereva wake akaomba chumvi. Nikampa. Mtoto akakaa mezani.

Nitasema lililo kweli: kwa kitambo nilifurahi. Ukimwambia Nyamizi aoshe vikombe viwili, kwanza utasikiliza hotuba. Atakuuliza kwa nini yeye, kwa nini sasa, na kikombe cha tatu ni cha nani. Huyu niliyekuja naye hakusema neno. Akaosha vikombe, akaosha sufuria, akamwosha hata paka, na paka akakubali. Akala mlenda wote bila kuuvuta kama kamba. Nikawaza moyoni kwamba hatimaye malezi yameanza kushika.

Kitu kimoja tu. Kila nilipomwambia jambo, alijibu, "Mama, angalia."

"Umeshiba?"

"Mama, angalia."

"Kesho tutasuka nywele."

"Mama, angalia."

Nikageuka nikatazama kule alikokuwa akitazama. Ulikuwa ukuta.

Nikampeleka kuoga. Kabla ya maji nikachukua kitambaa kikavu nijaribu kuuondoa ule mstari shavuni. Unga mbichi wa wino hautaki maji. Ukiupangusa kwa kitambaa kikavu unatoka wote, kama vumbi. Lakini unga ukishapita kwenye moto wa mashine umeiva. Umeshaingia, hautoki kwa kitambaa wala kwa sabuni, labda ukate karatasi yenyewe. Mstari haukutoka. Nikaacha, nikainua mkono wake wa kulia kuusugua.

Juu ya mkono wa Nyamizi kuna kovu la chanjo, ile ya watoto wachanga. Lilivimba sana wakati ule, likapona likiwa na kingo. Nalijua kwa kidole hata gizani. Nikaliona pale lilipo. Nikapitisha kidole.

Palikuwa laini.

Kovu lilikuwapo, kila ukingo wake, lakini ilikuwa picha ya kovu.

Mtu yeyote aliyewahi kupeleka vyeti kuthibitishwa katika nchi hii anajua. Ukitaka kutofautisha orijino na kopi, huisomi. Unaipapasa. Orijino ina mahali kalamu ilipokandamiza. Kopi ni laini mbele na nyuma.

Na kila fundi wa fotokopi analijua kosa la watu wote, kosa lisilokoma. Mtu anatoa kopi zake, anazipanga, anazigonga mezani zikae sawa, anaondoka nazo akipiga mluzi. Orijino ameiacha chini ya kifuniko. Mimi mwenyewe nimefunua vifuniko nikakuta vyeti vya kuzaliwa, hati za viwanja, na picha ya ukumbusho ya marehemu ambaye ndugu zake walikuwa wakimtafuta mji mzima. Nimewacheka sana watu hao.

Sikupiga mayowe. Mayowe hayafungui skrubu. Nikaifuta ile kopi maji, nikaivalisha gauni lake, nikachukua sanduku la zana, tukatoka.

Jiko lilikuwa limerudi kuwa ukumbi, na ukumbi ulikuwa umegeuka kliniki. Kwenye mabenchi, pande zote mbili, zimekaa mashine kuukuu, kila moja na kadi yake mkononi. Nazijua zote. Hakuna fundi aliyezipenda.

"Foleni, fundi," inasema ya kwanza. Hiyo ni ile ambayo kioo chake hakitulii, kinatoka kushoto na kurudi kulia kila inapofanya kazi. Ilipokuwa ofisini ilimpiga kila karani tumboni. Hata sasa, kwa kila neno, kioo kinatoka na kumgonga jirani yake mbavuni.

"Nina haraka," nasema.

"Wote," goo, "tuna," goo, "haraka."

Jirani yake havumilii tena, lakini hana pa kuhamia. Yeye ni ile ya wino wa maji, inayonuka mafuta ya taa. Kopi zake hutoka zimelowa, na ukumbi mzima ameufunga kamba akazianika. Zinadondosha matone sakafuni.

"Mara ya mwisho uliniambia utarudi kunikausha," anasema.

"Nitarudi."

"Mafundi wote husema nitarudi. Unakimbilia wapi na hiyo kopi?"

"Nimesahau orijino."

Wote wakanigeukia. Hata kioo kikatulia.

"Watu husahau tu," akasema yule aliyelowa, kwa upole sasa. "Mimi ninacho tumboni cheti cha ndoa cha watu. Walikitafuta wakakikosa, mwisho wakaona pengine hawakuoana, wakaachana."

Mwishoni mwa benchi, peke yake, ilikuwa imekaa mashine yenye ndoo ya mchanga katikati ya miguu. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikishika moto. Ofisini waliiweka karibu na dirisha, na anayetoa kopi alisimama na mwenzake wa kuzima.

"Orijino iko kwa nani?" ikauliza.

"Kwa Mkwe."

Ikajimwagia mchanga kidogo, kama mtu anayejipa moyo.

"Mkwe anaondoka leo. Gari la vyuma chakavu liko uani, wameshampakia. Akipoa kabisa hatafunguka tena kwa bisibisi wala kwa nyundo. Wanakwenda kumyeyusha. Na kilicho chini ya kifuniko chake kinakwenda naye."

Hakuna aliyenipisha. Walikuwa na haki yao, walikuwa wamengoja. Nikatoa kitambaa kikavu mfukoni, nikaanza kupangusa kioo cha kila mmoja nikipita, mpaka pembeni. Cha anayegonga. Cha aliyelowa. Cha wa mchanga, kilichokuwa cha moto kikanichoma vidole. Hakuna aliyedai zaidi ya hapo. Wakavuta miguu, njia ikafunguka.

Mlangoni alisimama Bi Perusi. Juu ya kichwa chake lilikuwa limebandikwa tangazo: ORIJINO AMBAYO HAIKUCHUKULIWA SI JUKUMU LETU.

"Bi Perusi, nipishe. Mwanangu yuko chini ya kifuniko."

"Na huyo uliyemshika mkono?"

"Hii ni kopi."

"Ina mhuri wa bohari, fundi." Akaigeuza, akanionyesha kisogo. "Kwetu kopi yenye mhuri na orijino ni kitu kimoja. Serikali nzima inakwenda hivyo."

"Bi Perusi, mhuri wako haukuumwa uchungu."

Akafikiri. Akaushusha ule mkeka wa karatasi alioshika, akautandika kizingitini, nikapita juu yake kama mgeni wa heshima.

Uani. Jua kali. Gari limewashwa, linatetemeka. Juu yake fremu za baiskeli, mabati, kitanda cha chuma, na katikati yao Mkwe, hana hata kitambaa chake cha maua. Taa yake nyekundu imefifia, kama kaa la mwisho kwenye jiko.

Ninapanda. Ninapiga goti juu ya mabati.

"Hodi, mama."

"Nani?"

"Mimi, mkwe wako."

"Mkwe wangu huaga."

"Nimekuja kuaga."

"Mtu huaga kabla ya kuondoka."

Nikasema shikamoo. Akaitikia, kwa shida. Nikazitoa habari mwenyewe bila kuulizwa: nyumbani, Mpanda, mvua, mahindi, mbuzi, mashangazi mmoja mmoja, na nilipowamaliza nikaongeza majirani. Taa ikapanda kidogo. Haikufika kijani.

"Nimeweka vitu vingi vya watu," akasema. "Itaje orijino yako."

"Nyamizi. Miaka saba. Ana kovu la chanjo mkono wa kulia. Haogopi mbwa, anaogopa bata. Maharage anayala moja moja. Analala na soksi mguu mmoja."

"Hayo ni maelezo. Hata kopi inayo. Alikuwa anakuonyesha nini?"

Dereva akakanyaga mafuta. Mabati yakalia.

"Alikuwa anakuonyesha nini?" akauliza tena Mkwe.

"Nilikuwa na kazi."

"Sikukuuliza ulikuwa na nini."

Nina jibu kwa kila mashine. Nikiisikia sauti tu nakuambia ni rola au ni gia. Pale nikatafuta kichwani, nikakuta mgongo wangu mwenyewe, umeinamia mlango wa mashine, na sauti nyuma yake.

"Mama, angalia," ikasema kopi.

Ilikuwa imepanda ikasimama kando yangu, mkono wa kushoto umekunjuliwa kifuani, kama ulivyokuwa tangu ilipotoka kwenye trei. Kwa mara ya kwanza sikuangalia ilikokuwa ikitazama. Niliangalia mkono.

"Naangalia," nikasema.

Mstari ulikuwa umepita hapo hapo, juu ya kiganja. Lakini mstari wa unga hauwi sawa na weusi wa picha. Una mng'ao. Ukiinamisha kopi kuelekea jua, mng'ao unaelea juu, na kilicho chini yake unakiona. Nimefanya hivyo kwa nyaraka za watu mara nyingi. Nikaushika mkono ule laini, nikauinamisha taratibu.

Katikati ya kiganja, chini ya mstari, palikuwa na kitu kidogo kama punje ya mchele.

Nikainua macho mdomoni. Lile doa jeusi halikuwa unga uliodondoka. Lilikuwa pengo.

"Jino," nikasema. "La mbele, la chini. Limetoka."

"La kwanza?"

"La kwanza."

Taa ikawa ya kijani. Kifuniko kikalia tak, kikafunguka.

Nyamizi alikuwa amelala juu ya kioo, sasa ametazama juu, macho wazi. Hakuwa akilia. Alikuwa ametulia kabisa, na yeye si mtoto wa kutulia.

"Nimengoja," akasema. "Ulisema ningoje."

Nikamvuta. Hakuja. Kioo kilikuwa kimemshika kama kinavyoshika karatasi yenye unyevu.

"Kwangu hakuna kinachorudi kwa juu," akasema Mkwe. "Kilichoingia hutoka kule vinakotokea vyote."

"Kwenye moto."

"Kwenye moto. Nimebakiwa nao kidogo. Unatosha mtu mmoja, na mwingine wa kumshika."

Nikatoa skrubu zote mfukoni nikaziweka kwenye sanduku. Nikafunga kilemba vizuri. Nikamwambia Nyamizi alishike jino kwa nguvu na afumbe macho. Kisha nikalala kando yake juu ya kioo, nikamshika mkono wa kulia. Kidole gumba changu kilikaa karibu na kovu, na kovu lilikuwa na kingo. Mikono yangu bado ilikuwa myeusi kwa unga mbichi. Hapakuwa na wakati wa kuipangusa.

Mtu wa kutufungia kifuniko hakuwapo.

Kopi ikasogea. Hakuna aliyeiita. Ikasimama juu yetu, jua nyuma yake, na kwa kuwa ilikuwa karatasi niliuona mwanga ukipenya kifuani mwake.

"Mama, angalia."

"Nimeona," nikaiambia. "Nimeona, mwanangu."

Ikafunga kifuniko.

Mwanga ukapita. Tukashuka. Rola zikatupokea, baridi kwanza, halafu vuguvugu. Huko juu nikasikia kifuniko kinafunguliwa tena, na sauti ninayoijua kuliko zote, ya kitambaa kikavu juu ya kioo. Kilikwenda polepole. Kilifika mpaka pembeni.

"Marahaba," akasema Mkwe, ingawa hakuna aliyemwamkia.

Kisha moto. Haukuunguza. Ulikuwa kama pasi ya mkaa inayopita juu ya sare ya shule huku bado umeivaa. Nilikaza kidole gumba, sikulegeza.

Nikaamka.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida. Jirani alikuwa anapepea jiko, kuku wa mtu walikuwa uani kwetu. Nyamizi alikuwa amesimama kando ya kitanda changu kwa gauni la kulalia, soksi mguu mmoja.

"Mama, angalia."

Mdomo wangu ulikuwa umeshaanza neno lake. Nikaufunga. Nikaangalia.

Kiganjani mwake lilikuwa jino.

"Limetoka lini?"

"Jana," akasema, na hewa ikampita kwenye pengo. "Ulikuwa na kazi."

Hatukula kwanza. Tulitoka uani, nikamfundisha kama nilivyofundishwa: unaipa nyumba mgongo, unalirusha jino juu ya bati, unamwomba mjusi akuletee jipya, lililo imara kuliko la kwanza. Akauliza kwa nini mjusi. Akauliza mjusi mwenyewe ana meno mangapi, na kama hana atalitoa wapi. Nikamjibu yote, moja moja. Akainua mkono wa kulia akarusha. Jino likagonga bati, likakaa.

Mkono wa gauni ulikuwa umeteleza hadi begani. Kando ya kovu la chanjo palikuwa na alama nyeusi ya kidole gumba. Ilitoka vizuri, kila mstari wa ngozi umeonekana, na upande wake wa kushoto ulipita mstari mwingine, mwembamba, umenyooka kutoka juu hadi chini.

Mimi ni fundi. Unga wa wino hunifuata mpaka nyumbani, hiyo si habari. Nikaingia ndani nikachukua kitambaa kikavu, nikarudi, nikamshika mkono nikapangusa. Nikapangusa tena kwa nguvu, mpaka akasema, "Mama, unaniumiza."

Haikutoka. Ilikuwa imeshapita kwenye moto.